Chipu Isiyo na Sauti Ndani Yake: Mwongozo Kamili wa Muziki wa FM Kwenye Kompyuta za Nyumbani

Kadi ya sauti, ile bodi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ili itoe muziki, niliitoa kwenye katoni la vyuma chakavu kando ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ikiwa imelaliwa na diski mbovu na nyaya za chaja. Nilipoipangusa vumbi nikaona chipu mbili: kubwa ya miguu 24 imeandikwa YM3812, na ndogo ya miguu minane, YM3014B. Tangu siku hiyo kila kijana anayepita kwangu Umoja huichukua, huigeuzageuza, kisha huuliza swali lilelile: "Sasa sauti za piano na tarumbeta zimewekwa wapi humu?"

Hazimo. Ndani ya YM3812 hamna hata chembe ya piano iliyorekodiwa. Kuna robo ya wimbi moja tu, na ufundi wa kulipinda. Sekunde moja ya muziki wa CD inakula baiti 176,400, na diski laini ya kilobaiti 360, ambayo ndiyo watu wengi walikuwa nayo wakati kadi hizi zinatoka, ingejaa baada ya sekunde mbili. Ala moja ya FM (frequency modulation, yaani kupinda masafa ya wimbi kwa wimbi jingine) kwenye chipu hii inaelezwa kwa baiti 11. Ndiyo, kumi na moja. Mwongozo huu unakuonyesha baiti hizo ni zipi, zinafanya nini, na namna ya kuziandika mwenyewe kwa mkono.

FM hii si ya matatu, lakini ni ndugu

Ukitaja FM mjini hapa watu hufikiria redio ya matatu. Hawajakosea sana. Kituo cha redio huchukua wimbi la karibu megahezi 100, ambalo sikio halilisikii kabisa, kisha huyasukuma masafa yake juu na chini kidogo kufuata sauti ya mtangazaji. Kwenye chipu ya muziki, wimbi linalosukumwa na wimbi linalosukuma yote mawili yamo ndani ya uwezo wa sikio, na hapo ndipo maajabu yanapoanzia.

Msikilize mwimbaji wa taarab anapomalizia ubeti. Nota anaishika, huku anaitetemesha mara tano au sita kwa sekunde, na sikio linaufuata kila mtetemo. Sasa uongeze kasi mtetemo huo: mara kumi, ishirini, hamsini, mia kwa sekunde. Hakuna koo linaloweza, ila kompyuta inaweza. Ukishapita ishirini hivi, sikio linashindwa kuhesabu. Mtetemo unapotea, na mahali pake inazuka rangi mpya ya sauti, mara ya shaba, mara ya kengele, mara ya bati lililokunjwa.

John Chowning alikutana na jambo hili kwa njia hiyohiyo mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipokuwa akijaribu mitetemo iliyopita kiasi. Makala yake ilitoka 1973. Yamaha ya Japani ilichukua leseni, na 1983 ikatoa DX7, kinanda kilichosikika kwenye nusu ya muziki wa miaka ile. Kisha ufundi ukashuka bei hadi kwenye kompyuta za nyumbani: CX5M ya Yamaha yenyewe mwaka 1984, PC-8801mkII SR ya NEC mwaka 1985, Sharp X68000 mwaka 1987. Mwaka huohuo kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ikaweka YM3812 kwenye kadi ya kuchomeka kwenye PC, na 1989 Sound Blaster ya Creative ikaibeba chipu ileile. Nimechagua YM3812 kufundishia kwa sababu ni mojawapo ya zilizo rahisi katika ukoo huu: opereta mbili kwa kila sauti. Ukiielewa hii, zile za opereta nne ni hii hii mara mbili.

Mbebaji na mpindaji

Opereta ni kitu kinachotoa wimbi moja laini, lile linalopanda na kushuka kama mgongo wa nyoka majini (wanahisabati huliita wimbi la sini), pamoja na kidhibiti cha nguvu yake. Opereta ya kwanza nitaiita mpindaji, ya pili mbebaji. Unayemsikia ni mbebaji. Mpindaji akiwa kazini humsikii mwenyewe. Kazi yake ni kumsukuma mwenzake.

Mbebaji akiwa na masafa ya hezi 440 na mpindaji 440, haupati 440 peke yake. Yanatokea masafa ya pembeni: 440 kujumlisha 440, kujumlisha 880, kujumlisha 1,320, na vilevile upande wa kutoa. Yanayoangukia chini ya sifuri hugeuka na kurudi juu. Kwa hiyo unapata 440, 880, 1,320, 1,760 na kuendelea: mfululizo kamili wa hamoniki kutoka kwa mawimbi mawili tu. Ni mangapi kati ya hayo yatasikika? Hilo linategemea mpindaji anasukuma kwa nguvu gani. Akinong'ona, unabaki na filimbi. Akipiga kelele, unapata tarumbeta, na akizidi unapata msumeno.

Wajuzi watakukumbusha kwamba chipu hizi kwa hakika hupinda fezi ya wimbi (mahali lilipofika katika mzunguko wake), si masafa yenyewe. Ni kweli, na kwa mtu anayetunga muziki haibadilishi kitu.

Kitabu cha logarithimu ndani ya silikoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopapenda. Kupunguza nguvu ya wimbi ni kuzidisha: thamani ya wimbi mara kiwango cha sauti. Saketi ya kuzidisha ilikuwa ghali na ilikula nafasi. Yamaha walifanyaje? Walifanya kile ambacho kila aliyesoma sekondari Kenya alikifanya kwa kitabu cha majedwali. Unakumbuka: badala ya kuzidisha namba mbili ndefu, unatafuta logarithimu ya kila moja, unajumlisha, kisha unarudi kwenye jedwali kusoma jibu. YM3812 ina jedwali la logarithimu ya robo ya wimbi la sini, nafasi 256. Robo nyingine tatu inazipata kwa kugeuza na kupindua. Kiwango cha sauti nacho kimo tayari katika logarithimu, ndiyo maana kinahesabiwa kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti. Chipu inajumlisha, inapita kwenye jedwali la pili la kurudisha, na imemaliza. Hakuna kuzidisha popote.

Tena haina saketi 18 za opereta, ingawa ina opereta 18. Ina moja, inayozunguka kuzihudumia zote kwa zamu kama makanga mmoja anayekusanya nauli viti vyote. Saa yake hupiga mara 3,579,545 kwa sekunde, masafa yaleyale ya kristali za rangi za televisheni za Marekani, ambazo zilikuwa rahisi na nyingi. Kila opereta inapewa mapigo manne. 18 mara 4 ni 72. Gawanya na unapata sampuli (vipande vya wimbi kwa namba) 49,716 kwa sekunde. Ishike namba hiyo, tutaihitaji. Matokeo yanapelekwa kwa YM3014B, ile chipu ndogo, ambayo kazi yake ni kugeuza namba kuwa volti.

Hatua ya kwanza: pata chipu, au kivuli chake

Kadi ya aina hii inataka tundu la ISA, lile la kuchomekea kadi kwenye PC za zamani, na kompyuta za leo hazina. Ukitembea Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme, utapata bodi nyingi, ila za umri huo ni bahati. Anza na DOSBox, programu inayoigiza PC za zamani: ni bure, inaenda kwenye laptop yoyote ya mtumba, na inaigiza chipu hii vizuri. Ndani yake weka QBasic, programu ya kuandikia na kuendeshea kodi, iliyokuja na MS-DOS kuanzia toleo la 5.

Ukitaka chuma chenyewe, unaweza kuagiza YM3812 na YM3014B na kuziendesha kwa Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) ya volti 5. Tahadhari: mara ya kwanza niliagiza chipu tano kwa muuzaji mmoja mtandaoni, nikangoja wiki kadhaa, na mbili kati yake zilikuwa bubu. Maandishi ya juu yalitoka kwa pamba yenye asetoni, na chini yake kulikuwa na jina lingine. Wala usizichomelee moja kwa moja kwenye bodi kabla ya kuzijaribu. Weka soketi.

Hatua ya pili: mlango wa kuingilia

Chipu inazungumziwa kupitia milango miwili. Kwenye 388h unataja namba ya rejista (kisanduku cha namba ndani ya chipu), kwenye 389h unaweka thamani. Herufi h mwishoni inaonyesha heksadesimali, namba za msingi wa 16. Baada ya kutaja rejista lazima ungoje maikrosekunde 3.3, na baada ya thamani maikrosekunde 23, la sivyo inameza maneno. Njia ya kizamani ya kungoja ni kuusoma mlango mara 6, kisha mara 35. Andika hivi:

```
DECLARE SUB Andika (r%, d%)
FOR r% = 1 TO &HF5
  Andika r%, 0
NEXT
Andika &H1, &H20

SUB Andika (r%, d%)
  OUT &H388, r%
  FOR i% = 1 TO 6: x% = INP(&H388): NEXT
  OUT &H389, d%
  FOR i% = 1 TO 35: x% = INP(&H388): NEXT
END SUB
```

Mzunguko wa mwanzo unafuta kila kitu. Mstari unaofuata unaruhusu maumbo manne ya wimbi badala ya moja. Maumbo hayo yanachaguliwa kwenye rejista za E0h; leo tutabaki na lile laini.

Hatua ya tatu: nota moja, bila mapambo

Chaneli ya kwanza inatumia opereta ya nafasi 0 kama mpindaji na ya nafasi 3 kama mbebaji; namba ya nafasi hujumlishwa kwenye rejista, kwa hiyo 20h ni ya mpindaji na 23h ya mbebaji. Ongeza mistari hii, kabla ya SUB:

```
Andika &H20, &H21
Andika &H40, &H3F
Andika &H60, &HF0
Andika &H80, &H5
Andika &H23, &H21
Andika &H43, 0
Andika &H63, &HF0
Andika &H83, &H5
Andika &HC0, 0
Andika &HA0, &H44
Andika &HB0, &H32
```

Utasikia "la" ya hezi 440, kavu kama kipimo cha kusikia hospitalini. Namba 44h na 32h zimetoka wapi? Hesabu ni masafa mara 2 kwa kipeo cha (20 kutoa oktava), gawanya kwa 49,716. Kwa 440 katika oktava ya 4: 440 mara 65,536, gawanya kwa 49,716, unapata 580. Katika heksadesimali 580 ni 244h. Biti nane za chini, 44h, zinaingia A0h. Ile 2 iliyobaki inaingia B0h pamoja na oktava (4 mara 4, yaani 10h) na swichi ya kuwasha nota, 20h. Jumla 32h.

Mpindaji yupo ila amefungwa mdomo. Rejista ya 40h inahesabu kinyume: 0 ni nguvu kamili, 63 ni karibu kimya, na kila hatua ni desibeli 0.75. Kinyume hiki kitakuchanganya wiki nzima, halafu utazoea.

Hatua ya nne: mfungue mpindaji taratibu

```
FOR n% = 63 TO 0 STEP -1
  Andika &H40, n%
  t! = TIMER
  DO WHILE TIMER - t! < .15: LOOP
NEXT
```

Vaa vifaa vya masikioni usikilize bila kufanya kitu kingine. Kwa muda mrefu mwanzoni hakuna kinachobadilika. Halafu filimbi inaota meno. Inakuwa kama zumari, kisha ya shaba, na mwishoni inakwaruza. Nota haijapanda wala kushuka. Ni rangi yake iliyobadilika. Rudia mara kadhaa hadi uweze kukisia namba kwa kusikia. Nusu saa hapa ina faida kuliko siku nzima ya kusoma majedwali.

Hatua ya tano: mpindaji naye ana maisha yake

Hapa ndipo ninapogombana na mafunzo mengi. Watu huanza na majedwali ya uwiano, wanajaza namba, wanapata sauti iliyokufa, kisha wanalaumu chipu. Kinachoifanya sauti ya FM ipumue ni envelopu ya mpindaji: namna nguvu yake inavyopanda na kushuka tangu nota ianze. Envelopu ya mbebaji hubadilisha ukubwa wa sauti. Ya mpindaji hubadilisha rangi yake kwa wakati, na ala za kweli zote hubadilika rangi. Tarumbeta huanza butu, ikang'aa mpulizaji anapokaza pumzi. Piano hung'aa nyundo inapogonga, kisha hulainika haraka kuliko inavyonyamaza.

Rejista ya 60h ina tarakimu mbili za heksadesimali. Ya kushoto ni kasi ya kupanda, ya kulia ni kasi ya kushuka, F ikiwa haraka kuliko zote. Ukiongeza moja, muda unapungua nusu. Ya 80h: kushoto ni kiwango cha kudumu (tena kinyume, 0 ndiyo juu), kulia ni kasi ya kufifia. Jaribu tarumbeta:

```
Andika &HB0, &H12
Andika &H40, &H16
Andika &H60, &H60
Andika &H80, &H7
Andika &H63, &H80
Andika &H83, &H7
Andika &HB0, &H32
```

Mpindaji anapanda kwa 6, mbebaji kwa 8. Sauti inafika kwanza, mng'ao unaikuta njiani. Sasa kinanda cha umeme: 20h na 23h ziwe 1 (ile 2 ya kushoto, yaani biti ya kudumu inayoishikilia nota, imeondolewa, nota inakufa yenyewe), 40h iwe &H14, 60h na 80h ziwe &HF5 zote mbili, 63h iwe &HF3, 83h &HF4. Mpindaji anakufa kwanza, mbebaji anabaki. Ukibadilishana namba hizo, mbebaji afe kwanza, utasikia kitu kinachofanana na kijiko kikigonga sufuria, ambacho nacho kina kazi yake.

Hatua ya sita: uwiano

Tarakimu ya kulia ya 20h na 23h ni kizidishio cha masafa. Mbebaji 1 na mpindaji 1 hutoa hamoniki zote. Mbebaji 1 na mpindaji 2 hutoa witiri tu, 1, 3, 5, 7, na hapo unasikia klarineti. Weka &H22 kwenye 20h uhakikishe.

Kengele ni hadithi nyingine. Chowning alitumia uwiano wa 1 kwa 1.4, ili masafa ya pembeni yasipangane vizuri. Chipu yetu haina 1.4, vizidishio vyake ni nusu, kisha namba nzima. Lakini 5 na 7 zimo, na 7 gawanya kwa 5 ni 1.4 kamili. Kwa hiyo msingi uwe hezi 40: mbebaji atakuwa 200, mpindaji 280.

```
Andika &HB0, &H5
Andika &H20, &H7
Andika &H23, &H5
Andika &H40, &H10
Andika &H60, &HF4
Andika &H80, &HF4
Andika &H63, &HF3
Andika &H83, &HF3
Andika &HA0, &HA6
Andika &HB0, &H25
```

Hii ndiyo sauti niliyowachezea jirani zangu usiku mmoja wakadhani kuna ibada.

Mrejesho niutaje kwa ufupi. Rejista ya C0h inamruhusu mpindaji ajisukume mwenyewe, viwango 0 hadi 7, vikizidishwa kwa 2. Thamani ya &H6 hunolea tarumbeta vizuri; &HE hutoa mvumo wa kelele unaofaa ngoma ya kati. Ukiweka biti ya mwisho kuwa 1, upindaji unakoma na opereta zote mbili zinasikika sambamba, kama mirija miwili ya kinanda cha kanisa.

Hatua ya saba: kutoka nota hadi wimbo

Aliyeimba kwaya anajua d r m f s l t. Kwa do ya C, oktava ya 4, namba ni 345, 387, 435, 460, 517, 580, 651. Kwa kila nota F, A0h inapata F AND 255, na B0h inapata 32 + oktava * 4 + F \ 256. Oktava ya juu inatumia namba zilezile, unaongeza 1 kwenye oktava. Zima nota kabla ya kuwasha inayofuata, la sivyo envelopu haianzi upya na wimbo unasikika kama unateleza.

Chaneli ni tisa, A0h hadi A8h na B0h hadi B8h, lakini nafasi za opereta hazifuatani, na kila anayeanza hujikwaa hapa. Wapindaji wa chaneli 1 hadi 3 wako 0, 1, 2. Wa 4 hadi 6 wako 8, 9, 0Ah. Wa 7 hadi 9 wako 10h, 11h, 12h. Mbebaji yuko tatu mbele ya mpindaji wake daima. Chaneli ya nne, basi, ni 28h na 2Bh, wala si 23h na 26h. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa hilo.

Ukitaka kupanda ngazi, YMF262 ina chaneli 18 na inaweza kuunganisha opereta nne. YM2612 ya Sega Mega Drive ya 1988 ina chaneli sita za opereta nne, na njia nane za kuziunganisha. Programu ya kutungia muziki ya Furnace, ya bure, inaziigiza zote na itakuepusha na heksadesimali. Nakushauri usiikimbilie kabla ya kuandika angalau ala tatu kwa mkono. Na kama uliwahi kununua simu ya milio ya poliphoni yenye faili za .mmf, huenda ulishatembea na chipu ya FM ya Yamaha mfukoni ukisubiri gari pale Kencom.

Mwisho wa kila programu andika Andika &HB0, &H12. Kufunga QBasic hakumnyamazishi mbebaji. Nota yenye biti ya kudumu itaendelea kulia programu ikiwa imeshaondoka, maana chipu haijui kama wewe upo. Inajua swichi ya 20h tu. Ile ya kwangu ililia hivyo tangu saa mbili usiku hadi stima ilipopotea.